Siku Sabla Ilipohamia Kwetu

Baba yangu alikuwa hataki kulisikia neno kura. Wajukuu wakicheza uani wakibishana nani aanze kujificha, mmoja akisema "haya tupige kura", basi utamsikia baba huko chumbani: "Nyumba hii haipigwi kura! Chezeni mchezo mwingine!" Watoto wanatoa macho, hawajui wamekosa nini. Na mimi, ulimi wangu haukuumbwa kukaa kinywani, siku moja nikamuuliza, "Baba, kwani kura imekukosea nini?" Akarudi ndani, akafunga mlango.

Swali lile sikuwa na haja ya kuliuliza. Nilijua. Nilikuwa msichana wa kutosha Unguja, zama za siasa, miaka ya mwisho ya Mwingereza, na niliyoyaona nimeyaona kwa macho yangu.

Ambaye hakuwepo wakati ule hawezi kuamini. Mtu akisusia duka la jirani yake kwa kuwa mwenye duka ni wa chama kile. Mke akipewa talaka kwa chama. Harusi zikisusiwa, na Mungu atusamehe, maziko nayo yakisusiwa. Na si watu baki, walahi. Tumbo moja, ziwa moja. Baba yangu alikuwa wa chama hiki, na mdogo wake, ami yangu, wa chama kile. Tulikuwa tukikaa nyumba moja, bibi juu orofani, sisi chini, ami upande wa nyuma na mkewe. Siasa ilipopamba moto ami akahama. Akawa anakuja mara moja moja kumwamkia mama yake, akipita ukumbini kwetu bila ya kugeuza shingo, na baba akijifanya anasoma gazeti.

Bibi alifariki wiki ile ile ya uchaguzi, watu bado wanaimba mabarabarani. Nilikuwa dirishani nilipomwona ami anakuja mbio, kanzu kaishika kwa mkono mmoja, kofia imemkaa upande. Baba akatoka akasimama mlangoni, mikono kaitanua kwenye miimo yote miwili. Akasema, na mtaa mzima ukasikia, "Mama yangu hazikwi na watu wa chama chenu." Nikangojea ami apige kelele, asukume, atukane. Hakusema hata neno moja. Akaivua kofia, akaikunja, akaondoka. Jeneza la bibi likatoka bila ya mwanawe mdogo kulitia bega.

Nilimwona baba kakosa siku ile, na leo nikiandika haya namwona kakosa. Mapenzi yangu kwake hayajapungua hata kidogo, lakini kosa ni kosa.

Mambo yalipoharibika Unguja, kila mmoja akatoka kwa njia yake. Sisi tulizunguka miaka, Dar es Salaam kisha Dubai, mpaka mwanzo wa miaka ya sabini milango ya Oman ilipofunguliwa na sisi watoto wa nje tukaambiwa turudi. Baba akasema tunakwenda kwa babu yake, kijijini, nje kidogo ya Ibra, kuna mitende yetu huko. Tukafika na masanduku yetu na mikeka yetu. Na nani tukamkuta kashatangulia, kasharekebisha nusu ya nyumba ya udongo ya babu, anamwagilia mitende? Ami! Lo, nilitaka kucheka na kulia pamoja. Dunia yote hii kubwa, na hao wawili wamekutana kwenye shamba moja ambalo babu yao hakuwahi kuligawa.

Wakajenga ukuta kati. Wakiamkiana kwa kuwa dini imewalazimisha: assalamu alaykum, wa alaykum salaam, macho chini, kila mtu na njia yake. Hiyo ilikuwa salamu ya Waislamu wawili wasiojuana. Sisi wanawake tulikuwa tukipenya kwa nyuma, mama na mke wa ami wakipelekeana visahani vya futari, nao wanaume wanajifanya hawajui chakula kile kimetoka wapi. Tulizoea. Mtu huzoea hata mwiba wa mguuni.

Sasa nikuelezeni falaji, kwa maana bila ya hiyo huku hakuna maisha. Ni mfereji unaochukua maji kutoka chini ya ardhi, mbali huko milimani, ukayaleta kijijini kwa njia iliyochimbwa na watu waliokwishasahauliwa majina. Kila shamba lina zamu yake ya maji. Anayesimamia zamu, anayewakusanya watu kuizibua njia inapoziba, anayesema na serikali kwa niaba ya wote, anaitwa wakili. Hapewi cheo na mtu wa mjini. Watu wenye maji ndio wanaomchagua, kwenye sabla, yaani ukumbi wa wanaume ambapo wanakaa kuzunguka kuta, wanakunywa kahawa, wanaulizana habari, wanazika ugomvi au wanauanzisha.

Miaka ya themanini ilipoingia, wakili wetu wa zamani, mzee mwema sana, akafariki katika kipindi kibaya kabisa. Njia ya juu ya falaji ilikuwa imeporomoka. Maji yaliyokuwa yakija kama mkono yakawa yanakuja kama kidole. Sisi tuko mwisho wa mfereji, kwa hiyo zamu yetu ikifika tunapata tope. Mitende ikaanza kukauka makuti. Mchicha wa mama, aliokuwa akiutunza kama mtoto mchanga maana ndiyo ladha yake ya Unguja, ulilala chini asubuhi moja haukuinuka tena. Ilikuwa lazima apatikane mtu wa kwenda kwa liwali na kwa maofisa wa Maskati, mwenye kujua kusema nao, alete mafundi kabla joto halijafika. Bila ya wakili hakuna anayesikilizwa. Na joto likifika na njia imeziba, mashamba ya mwisho ndiyo kwaheri.

Kila mdomo ulikuwa na jina moja: ami. Huko Unguja alikuwa akifanya kazi za barabara na mabomba ya serikali, Kiingereza anakijua, Kiarabu cha ofisini anakijua. Hata wenyeji ambao hawajawahi kutoka kijijini, wanaotuita sisi Zinjibari na kutucheka tunavyokula wali kwa nazi, walisema huyu Mzinjibari ndiye.

Hapa ndipo anapoingia mume wangu na busara zake. Mume wangu naye mtoto wa Unguja, alikuwa karani katika ofisi ya liwali, kijana msomi, mpenda mambo ya kisasa. Akaniambia, "Zama hizi watu hawachaguani kwa kunong'onezana juu ya finjani. Tutafanya uchaguzi wa haki." Nikamwona anachukua kasha la majani ya chai, anapasua tundu juu, anapiga msasa. Nikamwambia, "Bwana, hicho unachokitengeneza baba akikiona atakufukuza mpaka soko la Sinaw ukauzwe pamoja na mbuzi." Akacheka. Akasema baba ni mtu mzima, ataelewa kwamba kura ya siri inamlinda kila mtu. Basi.

Yaliyotokea kwenye sabla ile baada ya sala ya alasiri alinihadithia yeye mwenyewe baadaye, uso umemsawijika. Wamekaa wote, kahawa imezunguka, habari zimeulizwa. Mkubwa wao, mzee mmoja wa kienyeji, ndevu nyeupe, sauti ndogo, akafungua maneno kuhusu wakili. Ndipo mume wangu akatoa sanduku lake akaliweka katikati ya mkeka. Akaeleza: kila mtu ataandika jina, ataingiza, hatajulikana kaandika nini, atakayepata wengi ndiye.

Baba akasimama. Akavaa viatu, akatoka. Ami alikuwa amekaa ukuta wa pili, akainama akatazama mkeka.

Mzee yule hakukasirika, huyo. Aliligusa lile sanduku kwa ncha ya fimbo, akamuuliza mume wangu kwa upole, "Mwanangu, na wale waliopata wachache, tutawafanya nini?" Mume wangu akasema hao watakubali matokeo. Mzee akasema, "Watakubali, halafu watakwenda nyumbani na vifua vyao. Kesho wakili akiwaambia fungeni maji, zamu yenu imekwisha, watafunga?" Sanduku likaondolewa kwa adabu, likawekwa pale penye viatu.

Basi wakafanya kwa desturi yao. Mzee alitaja jina la ami, ami akakataa kama inavyotakiwa, akatajwa tena akakataa tena, mpaka akanyamaza. Kisha mzee akazunguka kwa macho, mtu mmoja mmoja, kuanzia kulia: "Nini kauli yako?" Na kila mtu kwa sauti yake, mbele ya uso wa ami, anasema nimekubali. Na lazima wawe wote. Akikataa mmoja tu, basi, jina lile linaachwa, atafutwe mwingine, na hakuna lawama. Aliyeondoka bila ya udhuru anahesabiwa kama aliyekataa. Walipofika penye nafasi ya baba wakakuta mto wa kukalia mtupu. Mtu mmoja akasema tumesamehe, huyu kaondoka mwenyewe, tusome Fatiha. Mzee akasema hapana. "Maji yanapita kwake. Kama hakuja kwenye sabla, sabla itakwenda kwake."

Sisi nyumbani hatuna habari. Baba karudi, kakaa kwenye kibao chake, mama anamuuliza vipi, anasema, "Wameleta sanduku." Mama akanitazama mimi, mimi nikatazama dari. Punde tunasikia hodi, na viatu, viatu vingi. Nikachungulia. Yarabi! Kijiji kizima cha wanaume kinaingia uani kwetu, wazee mbele, wanavua viatu, wanakaa kwenye mikeka yetu ya ukumbini kama wamekaa kwao. Hapo jikoni palikuwa hapana simile tena. Mama anatafuta tende, mimi napuliza makaa, dele moja tu la kahawa ndilo safi, limechemka au bado sijui.

Jiko letu lilikuwa na dirisha la mbao linaloangalia ukumbini. Nikaona wote wameingia isipokuwa ami. Alisimama nje ya kizingiti. Miaka yote tuliyokaa pale hajawahi kuvuka mlango ule, na baba hajawahi kuvuka wake. Mzee akasema, "Mwenye nyumba, una mtu nje."

Baba akakitazama kizingiti. Mwisho akasema, "Aingie." Ami akaingia, akakaa pale pale karibu na mlango, mahali pa mtu mdogo.

"Tumekuja kuchukua kauli yako," mzee akamwambia baba. "Jina ni la ndugu yako. Wote wamesema, umebaki wewe. Ukisema ndiyo, tunasoma Fatiha. Ukisema siyo, tunakunywa kahawa yako tunarudi, na hakuna atakayekuuliza kwa nini."

Mama alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa na unga. Nilijua anachokiomba moyoni, nami nilikuwa nakiomba hicho hicho: sema ndiyo, mwanamume wewe, ni neno moja tu, mitende inakufa. Na nilimjua baba. Nilijua neno lile litamkwama, kwa kuwa kulisema ni kumtazama ndugu yake usoni.

"Mimi sina kauli juu yake," baba akasema.

"Kila mwenye maji ana kauli," mzee akajibu.

Ndipo baba akageuka. Alimtazama ami, na alipofungua mdomo Kiarabu kilimtoka chote, kikabaki Kiswahili cha nyumbani kwao Unguja. Wazee wa watu wakawa wanatazamana, hawaelewi hata neno. Aliyeelewa pale ukumbini ni mume wangu peke yake, na sisi wanawake huku dirishani.

"Wewe kauli yangu unaitakia nini?" baba akasema.

"Mimi sikuitaka, kaka. Wao wameitaka."

"Basi waambie. Waambie nilikuwekea mikono mlangoni, nikakuzuia usimzike mama, kwa ajili ya kura. Waambie hao, waone kama mtu wa namna hiyo anafaa kuulizwa kauli juu yako." Sikuwahi kumsikia baba na sauti ile, na ilinikata maini.

Ami alikuwa ameshika finjani tupu, kahawa bado haijaletwa. Akaiweka chini pole pole.

"Kaka," akasema, "kura ile mimi nilikipa chama chako."

Mama aliachia mkono wangu.

"Nilikwenda kumwamkia mama, siku mbili tatu kabla," ami akaendelea. "Akanishika, akanambia, mwanangu, mimi nakwenda zangu, nanyi mmenigawana kama nyama. Mpe kaka yako kura yako hii moja, nife nikijua pahala pamoja mmekutana. Nikamwahidi. Nikaingia kule penye pazia, nikatia alama kwenu. Nikatoka, nikapanda gari la watu wangu, nikaimba nao mpaka nyumbani. Nani angejua?"

"Na ulikuja mlangoni ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Ungeniambia!" Baba alikuwa kama anafoka, lakini machozi yanamtoka. "Neno lile moja ungeniambia, walahi ningekufungulia!"

"Najua ungenifungulia. Ndiyo maana sikukwambia." Ami sasa alikuwa amemtazama sawasawa. "Mimi sikutaka nimzike mama yangu kwa kura, kaka. Nilitaka nimzike kwa kuwa ni mama yangu."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile. Nimewaona watu wakizisifu kura na wengine wakizilaani, na mimi mwenyewe sizilaani, kwani pazia lile lilimpa ami pahala pa kumtii mama yake bila ya kuvunjiwa kioo cha dirisha. Lakini nikimsikia mtu anasema siri ya kura inamlinda kila mtu, kifua kinanijaa. Siri ile haikumlinda baba yangu. Alikaa na ushindi wa uongo juu ya ndugu yake, asijue kwamba ndugu huyo alimpa kura, zaidi ya miaka kumi na tano.

Mzee yule akamwinamia mume wangu akamuuliza kwa sauti ya chini wanasema nini hawa. Mume wangu, na kwa hili nampa haki yake, akasema tu, "Wanazungumza juu ya mama yao." Mzee akaitikia kwa kichwa. Akangojea. Watu wote wakangojea, na kahawa yangu ikapoa kwenye dele maana hakuna aliyethubutu kuipeleka.

Baba akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. Akarudi kwenye Kiarabu. "Nimekubali," akasema. "Wakili wetu ni huyu." Wakasoma Fatiha, wakainuka mmoja mmoja wakapeana mikono na ami. Baba hakuinuka.

Watu walipokuwa wametoka, ami akabaki amesimama, hajui akae au aende. Mafundi walikuja baadaye kwa jitihada zake na njia ya juu ikazibuliwa, na mitende mingi ikapona, ingawa si yote. Hayo yaliandikwa na wenye kazi hiyo. Mimi nilichokihifadhi ni baba alivyomuuliza pale pale, bila ya kumtazama, "Sisi tulipokuwa tunamchukua mama, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwa kinyozi, pale njia ya makaburini," ami akasema. "Nilijua mtapita. Mlipopita na jeneza nikasimama, kama wanavyosimama wapita njia."

Baba akamwita mama alete chakula. Ami akala kwetu siku ile, kila kilichowekwa mbele yake, na baba alikaa karibu naye akimsogezea sahani, na yeye mwenyewe hakula.